Tovuti ya biashara: Umiliki, anwani na uaminifu ndiyo msingi kwa wafanyabiashara wa Kinondoni na Temeke

Wilaya za Kinondoni na Temeke jijini Dar es Salaam zina biashara ambazo sifa zake zimevuka mipaka ya mkoa. Samani za Keko na vinyago vya Mwenge hutafutwa na wanunuzi wa mikoani na wa nje ya nchi. Hata hivyo, mnunuzi aliyeko Mwanza hawezi kufika karakana ya Keko kukagua kitanda kabla ya kutuma malipo ya awali. Anachokiona ni ukurasa katika simu yake, na kwa ukurasa huo huamua iwapo muuzaji ni wa kweli au ni tapeli.

Kwa sababu hiyo, kuboresha tovuti si suala la mapambo. Tovuti nzuri humthibitishia mteja mambo matatu: muuzaji ni nani, yuko wapi na anawajibika vipi.

Umiliki wa jina la kikoa

Jina la kikoa ndiyo anwani ya tovuti. Kikoa cha Taifa cha .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na usajili hufanyika kupitia wasajili walioidhinishwa. Biashara hutumia .co.tz, ilhali .or.tz ni ya taasisi zisizo za kibiashara na .go.tz ni ya Serikali.

Kosa lenye gharama kubwa ni kumwachia fundi wa tovuti asajili kikoa kwa jina lake na kwa barua pepe yake. Siku fundi huyo akihama, akipoteza simu au wakikosana, mwenye biashara hubaki hana uwezo wa kulipia upya wala kuhamisha tovuti. Jina lililochapishwa kwenye kadi, risiti na mabango huweza kuangukia mikononi mwa mtu mwingine. Hivyo, kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara, nywila zihifadhiwe na mmiliki, na tarehe ya kulipia upya iwekwe katika kumbukumbu za ofisi.

Kurasa za mitandao ya kijamii husaidia kuvuta wateja, lakini ni sawa na chumba cha kupanga: masharti huwekwa na mwenye nyumba, na akaunti ikidukuliwa au kufungwa wateja hupotea nayo. Ni vema kurasa hizo zimwelekeze mteja kwenye tovuti.

Utambulisho na anwani

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia ya kielektroniki kumpa mteja taarifa za utambulisho wake, anwani na mawasiliano, maelezo ya bidhaa na bei kamili. Jina linaloonekana kwenye tovuti lilingane na lililosajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA).

Biashara nyingi za pembezoni mwa jiji huelekeza wateja kwa kutaja kituo cha daladala, mti au msikiti. Maelekezo hayo humfaa mkazi wa Mbagala Rangi Tatu, lakini hayamsaidii mgeni wala msafirishaji wa mizigo. Operesheni ya Anwani za Makazi iliyotekelezwa mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti mwaka huo, iliyapa majengo namba na barabara majina. Anwani hiyo, pamoja na postikodi ya kata, iandikwe kwenye tovuti na kwenye ramani ya Google, ambako kuisajili biashara hakutozwi ada. Alama za mtaani ziongezwe chini yake.

Lugha na uzito wa kurasa

Mteja huandika anachokitafuta kwa maneno yake mwenyewe. Anayetaka kitanda huandika "kitanda cha mninga sita kwa sita bei". Ukurasa usemao "tunatoa suluhisho bora za samani" hauna hata neno moja la yale aliyoandika, isipokuwa kwa bahati. Kila bidhaa muhimu ipewe ukurasa wake wenye aina ya mbao, vipimo, bei, muda wa kutengeneza na gharama ya kusafirisha. Wenye wateja wa nje waongeze Kiingereza bila kuondoa Kiswahili.

Kurasa ziwe nyepesi, kwani wanunuzi wengi hutumia simu na vifurushi vya muda mfupi. Picha zipunguzwe ukubwa kabla ya kupandishwa, na namba ya simu ionekane mwanzo wa ukurasa. Mei 2024, hitilafu katika nyaya za baharini ilipunguza kasi ya intaneti nchini na katika nchi jirani. Wakati kama huo, ukurasa mwepesi una nafasi kubwa zaidi ya kufunguka.

Malipo na taarifa za wateja

Malipo kwa simu yameenea nchini tangu huduma ya M-Pesa ilipoanza mwaka 2008. Inashauriwa kutumia lipa namba ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi, kwa kuwa mteja huona jina la mpokeaji kabla ya kuthibitisha. Jina hilo likitofautiana na la tovuti, mteja makini husita, na ana haki ya kusita. Masharti ya malipo ya awali, kubadilisha bidhaa na kurejesha fedha yaandikwe waziwazi.

Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawahusu wanaokusanya majina, namba za simu na anwani za wateja. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi (PDPC) ndiyo husajili wakusanyaji na wachakataji wa taarifa hizo. Fomu ya tovuti iombe taarifa zinazohitajika kwa oda tu.

Matunzo

Tovuti yenye bei za mwaka juzi na simu isiyopatikana humfukuza mteja kuliko kutokuwa na tovuti kabisa. Mmiliki atenge siku moja kila mwezi kuhakiki bei, kupiga namba zilizoandikwa, kujaza fomu ya oda kama mteja, kusasisha programu na kuhifadhi nakala ya tovuti nje ya mtambo inakohifadhiwa.