Forodha Ndani ya Chembe ya Damu

Atokaye Ngomeni akafuata vichochoro vya Mji wa Kale hatimaye huteremka hadi Bandari ya Kale, upande wa mashariki wa kisiwa cha Mombasa. Kwa karne nyingi, kabla meli kubwa hazijahamia Kilindini, majahazi yalifika hapo kwa upepo wa kaskazi kutoka Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, yamesheheni tende, chumvi, mazulia na papa mkavu. Nayo yalirejea kwa kusi yakichukua boriti na pembe za ndovu. Mzigo ulioshushwa haukwenda moja kwa moja dukani. Ulipita kwanza forodhani, ambako karani aliitazama alama iliyopigwa juu ya robota, akajua ni la nani na liende wapi. Ndipo mahamali walipolijitwika.

Nimeanza na forodha kwa kuwa kila nichorapo seli ubaoni huona wanafunzi wakiinakili kama yai: ganda, ute, na kiini katikati, basi. Kumbe seli ni mji wenye bandari. Ndani yake protini huundwa usiku na mchana, na kila moja ina mahali pake pa kwenda. Mahali zinapopangwa palionekana mara ya kwanza mwaka 1898, huko Pavia, Italia. Daktari Camillo Golgi alitia chumvi ya fedha katika ubongo wa bundi, akautazama kwa hadubini, akaona ndani ya seli wavu mweusi usiojulikana. Wataalamu wengi hawakumsadiki. Walidai kwamba wavu ule si kitu cha seli, bali ni uchafu ulioletwa na dawa zake. Ubishi huo ulidumu zaidi ya miaka 50, mpaka hadubini ya elektroni ilipoonyesha katika miaka ya 1950 kwamba mzee yule alikuwa amesema kweli. Ni vifuko bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama chapati sahanini. Protini huingia upande mmoja, hutengenezwa ikipita, kisha hutoka upande wa pili ikiwa imefungwa katika kifuko kidogo: hii ya kutolewa nje, hii ya kukaa kwenye ngozi ya seli, hii ya kupelekwa panapomeng'enywa taka.

Je, protini yajuaje njia yake? Günter Blobel, aliyefanya kazi New York, alionyesha pamoja na wenzake katika miaka ya 1970 kwamba huichukua anwani yake mwilini mwake: kipande kifupi cha asidi amino kinachosomwa kama alama ya robota. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1999.

Sasa tuitazame chembe nyekundu ya damu ya binadamu. Hiyo ni nyumba isiyo na forodha. Inapokomaa hutupa kiini chake na vyombo hivyo vyote, ikabaki mfuko uliojaa hemoglobini, upana wake haufiki sehemu moja ya mia ya milimita. Katika nyumba hiyo tupu ndimo anamoingia Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria iliyo kali kuliko zote, akakaa kwa muda wa saa 48 hivi akila na kuzaana. Lakini hana raha. Chembe iliyoharibika ikipita katika wengu hukamatwa ikaangamizwa. Kwa hiyo kimelea hutaka kupandikiza juu ya ukuta wa nje protini inayonata, ili chembe ishikamane na mishipa isichukuliwe na mkondo wa damu. Chembe nyingi zikishikamana hivyo katika ubongo wa mtoto, mtoto huzimia, na pengine haamki tena.

Kimelea anayo forodha yake ndogo mwilini mwake, lakini shehena hii inapaswa kuvuka mwili wake, na mfuko alimolala, na nyumba nzima ya mwenyeji. Basi hujenga forodha nyingine katika nyumba ya watu. Mwaka 1902 Georg Maurer, daktari Mjerumani aliyekuwa Sumatra, alieleza vidoa alivyoviona katika chembe zilizoingiliwa. Miaka mingi baadaye ilibainika kwamba ni vifuko bapa vilivyojengwa na kimelea, navyo huitwa nyufa za Maurer. Protini zinazokwenda ukutani hupitia hapo kwanza. Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti yaligundua alama ambayo nyingi za protini hizo zinazotolewa na kimelea huwa nayo: robota na alama yake tena! Historia nayo ina mzaha wake, maana Golgi huyo huyo, miaka ya 1885 na 1886, alikuwa ameonyesha kwamba homa ya malaria hupanda wakati vimelea vinapopasua chembe za damu. Alivishika vitu viwili kwa mikono miwili, wala hakujua kwamba vitakutana.

Pwani yetu inaingia hapa. Mwaka 1949 Anthony Allison, kijana aliyelelewa Kenya na kusoma Oxford, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali za nchi. Karibu na Pwani na Ziwa Viktoria, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na urithi wa selimundu kutoka kwa mzazi mmoja. Katika nyanda za juu hawakufika hata mmoja. Mwaka 1954 alitangaza kwamba urithi huo hukinga malaria. Watafiti wa Kilifi walieleza mwaka 2005 kwamba wenye urithi huo hupata malaria kali pungufu kwa karibu asilimia 90.

Sababu ni zaidi ya moja, lakini mojawapo ilionekana mwaka 2011. Wataalamu wa Heidelberg, wakishirikiana na wenzao wa Burkina Faso, waliona kwamba kimelea humnyang'anya mwenyeji protini iitwayo aktini, akaitandika iwe barabara kutoka nyufa za Maurer hadi ukutani. Katika chembe zenye hemoglobini S au C barabara hizo zilivurugika, na nyufa zenyewe zikapotoka umbo. Forodha ipo, mzigo upo, njia haipo.

Kinga hiyo ina bei. Mtoto akiurithi kwa baba na kwa mama, chembe zake hupinda kama mundu, huziba mishipa, na maumivu yake hayaelezeki; zamani wengi wa watoto hao walizikwa kabla ya kutimiza miaka 5, na jina la ugonjwa halikujulikana nyumbani. Katika nyumba moja ya Kibokoni huweza kulala ndugu watatu wa tumbo moja: mmoja hana urithi huo, wa pili anao wa upande mmoja, wa tatu wa pande zote mbili; na mbu mmoja aweza kuwauma wote usiku mmoja.