Baniani na dini yake: jambo ambalo historia ya Kasongo imeliacha

Kwetu Kasongo, ukiuliza wazee juu ya wakati wa Waarabu, majina yanatoka haraka: Tippu Tip, mtoto wake Sefu, Rumaliza, Bwana Nzige. Watakuonyesha na miembe. Muhindi hatajwi. Akitajwa, ni mwenye magazini wa nyuma sana, wa wakati wa Wabeleji, ambaye mali yake ilichukuliwa katika zaireanizasio ya mwaka 1973. Lakini tujue: bila Muhindi wa Unguja, ule msafara wa Tippu Tip usingefika hata Tabora.

Biashara ya pembe ilikwenda kwa deni. Mwarabu au Mngwana aliyetaka kuja Manyema hakuwa na mali mkononi. Alikwenda kwa tajiri wa Kihindi kule Unguja, akapewa nguo za merikani na kaniki, shanga, waya wa shaba, bunduki na baruti. Yote yaliandikwa katika kitabu cha hesabu, pamoja na faida juu yake. Kisha akavuka Bagamoyo, Tabora, Ujiji, ziwa Tanganyika, akapita Kabambare mpaka Kasongo na Nyangwe. Angerudi baada ya miaka miwili, mitatu, na wengine zaidi, na pembe za kulipa. Basi yule tunayemwita tajiri wa Kasongo alikuwa na kamba shingoni, na mwisho wa kamba alikuwa ameushika mtu mwingine, amekaa chini juu ya mkeka wake pwani, hajawahi kuona mto Lualaba hata siku moja.

Majina yao tunayo. Nyumba ya Jairam Shivji, kutoka inchi ya Kutch upande wa magharibi ya Uhindi, ilishika forodha ya Unguja kwa miaka mingi ya karne ya 19: ilimlipa Sultani kiasi walichopatana kila mwaka, halafu yenyewe ikakusanya ushuru wa kila pembe na kila mzigo. Msimamizi wake Unguja, mpaka alipokufa mwaka 1871, alikuwa Ludha Damji. Mwaka 1876 forodha ilishikwa na Taria Topan, na huyo njo alimkopesha Tippu Tip mali ya safari yake kubwa.

Hapa lazima tusimame kidogo, sababu watu wengi wanachanganya. Taria Topan alikuwa Muhindi, lakini alikuwa Muislamu, Khoja wa madhehebu ya Ismailia. Jairam Shivji na Ludha Damji walikuwa Wahindu. Muhindi ni mtu wa inchi ya Uhindi; Muhindu ni mtu wa dini. Kuna Wahindi Waislamu, Wahindi Wakristo, Wahindi Singasinga wenye vilemba. Waswahili wa pwani walijua tofauti hiyo vizuri kuliko sisi: Muhindi Muislamu walimwita Khoja au Bohora, na yule Muhindu walimwita Baniani. Neno hilo lenyewe limetoka kwa jina la watu wa kabila la biashara kule Gujarati. Mahatma Gandhi, aliyezaliwa mwaka 1869, alitoka katika watu hao hao wa biashara.

Kabambare nayo ina sehemu yake katika historia hii, na ni sehemu ya uchungu. Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, akiiandika Bambarre, akakaa kule muda mrefu sababu ya vidonda vya miguu na kukosa watu. Mwezi wa pili 1871 wakamfikia watu kumi waliotumwa kutoka Unguja. Kumbe walikuwa watumwa wa Mabaniani, waliopatikana kwa mkono wa Ludha Damji. Walipofika walikataa kuendelea mpaka waongezewe mshahara, ambao mwisho wake ungeingia mfukoni mwa bwana zao. Livingstone aliwalalamikia sana katika maandishi yake. Akaenda nao Nyangwe, na pale, tarehe 15 mwezi wa saba 1871, aliona watu wa Waarabu wakipiga bunduki katikati ya soko, wanawake wakajitupa mtoni. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 300. Habari hiyo ilipofika Uingereza ilisaidia kumlazimisha Sultani Barghash afunge soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Basi swali ambalo wanafunzi wangu wananiuliza, na ni swali la haki: watu hao walikuwa na dini gani? Wengine wanajibu wao wenyewe haraka: wanaabudu ng'ombe. Jibu hilo ni fupi mno, na sisi ambao mababu zetu waliambiwa na wageni kwamba wanaabudu miti na mawe, tungepaswa kuwa watu wa mwisho kuridhika nalo.

Dini ya Kihindu haina mwanzilishi mmoja. Hakuna Muhamadi, hakuna Yesu, hakuna siku ambayo ilianza. Vitabu vyake vya zamani kabisa vinaitwa Veda, ni vinne, na kile cha kwanza, Rig Veda, kina zaidi ya miaka 3,000. Kwa muda mrefu havikuandikwa: watoto wa makuhani walivishika kwa kichwa, neno kwa neno, sauti kwa sauti, kama vile mtoto wa madrasa anavyohifadhi Kurani. Baadaye yakaja mafundisho ya Upanishadi, na hadithi mbili ndefu sana, Ramayana na Mahabharata. Ndani ya Mahabharata mna Bhagavad Gita, sura 18. Mtu wa vita anayeitwa Arjuna anakataa kupigana sababu anaona ndugu zake upande wa pili, na mwendesha gari lake, ambaye ni Krishna, anamjibu. Muhindu wa kawaida hajasoma Veda. Lakini Gita anaijua, na hadithi za Rama na mke wake Sita alizisikia kwa bibi yake.

Je, Mungu ni mmoja au ni wengi? Mwanafunzi anataka jibu la neno moja, na hapa halipatikani. Wahindu wengi watakuambia kwamba kuna asili moja ya vyote, inaitwa Brahman, haina umbo wala mwisho, na kwamba Vishnu, Shiva, Mama Devi, Ganesha mwenye kichwa cha tembo, ni nyuso ambazo mtu anaweza kuzitazama na kuzipenda. Wengine watasema Mungu wao ni Vishnu peke yake, na wengine ni wote chini yake. Mabaniani wa Kutch waliokuja Unguja, zaidi wale Wabhatia, walikuwa watu wa Vishnu, na walimpenda hasa Krishna akiwa mtoto. Sanamu yake waliiamsha asubuhi, wakaiogesha, wakaivika, wakaipa chakula, kama mgeni wa heshima ndani ya nyumba. Ibada hiyo inaitwa puja. Mwenye kucheka akumbuke sanamu ya Bikira Maria inavyovikwa maua mwezi wa tano. Mkristo anajua vizuri kwamba hasali kwa plasta.

Halafu kuna karma, na hapa ndipo ninapoona wafanyabiashara wale walielewa dini yao kuliko wengi. Wahindu wanafundisha kwamba roho haifi na mwili. Inazaliwa tena, mara nyingi, na kila tendo linafuata mwenye kulitenda. Mimi kwa klasi ninalieleza kwa kaye ya deni. Unakufa, lakini kaye haifungwi. Unazaliwa tena na ukurasa wako unakungojea, yale uliyolipa na yale unayodaiwa. Mtu akimaliza hesabu kabisa, akaachana na tamaa na ujinga, anatoka katika mzunguko huo. Kutoka huko kunaitwa moksha. Na njia ya kuishi sawasawa, kufuatana na umri wako, kazi yako na jamaa yako, inaitwa dharma, neno ambalo ni pana kuliko dini na pana kuliko sheria.

Sikukuu yao ya taa, Divali, inayokuja mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wafanyabiashara wa Gujarati wanafunga vitabu vya hesabu vya mwaka, wanafungua vipya, na wanaviombea mbele ya Lakshmi, mama wa utajiri. Kwa hiyo vile vitabu ambavyo madeni ya pembe yaliandikwa ndani yake havikuwa vitu vya duka tu.

Ng'ombe, tusimsahau. Hachinjwi sababu anatoa maziwa kama mama, na sababu ya ahimsa, maana yake kutodhuru kitu chenye uhai. Mabaniani wa Unguja hawakula nyama hata kidogo, wala chakula kilichopikwa na mtu wa nje, na wafu wao waliwachoma moto. Kwa muda mrefu hawakuleta wake zao, maana kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa uchafu kwa watu wa tabaka lao. Pwani wakaachwa na methali inayosema Baniani mbaya, kiatu chake dawa: mtu humpendi, lakini kitu chake unakihitaji. Maisha mazima ya watu hao yamo katika methali hiyo, wakichukiwa na kutafutwa kwa saa moja.

Tabaka ni jambo ambalo sitalipita. Maandiko ya zamani yanataja makundi manne: makuhani, watu wa vita na utawala, wafanyabiashara na wakulima, watumishi, na chini yao wale ambao hata kivuli chao kiliogopwa. Katiba ya Uhindi ya mwaka 1950 ilikataza kumtenga mtu kwa njia hiyo. Bwana Ambedkar, aliyeongoza uandishi wa katiba hiyo, mwenyewe alizaliwa katika watu hao wa chini, na mwaka 1956 aliacha Uhindu akaingia dini ya Buda pamoja na maelfu ya watu. Wengine walibaki ndani na kupigana wakiwa ndani, kama Gandhi. Ugomvi huo haujaisha. Mwenye kufundisha Uhindu bila kuutaja anadanganya watoto, na mwenye kutaja huo tu anadanganya pia.

Sasa turudi kwa jambo linaloniuma. Mtu anayeogopa kumkanyaga mdudu, anawezaje kukopesha baruti? Ludha Damji hakumpiga mtu bunduki Nyangwe. Hakumfunga mama yetu kamba. Yeye aliandika tu: bunduki kadhaa, nguo kadhaa, faida kadhaa. Ahimsa yake iliishia mlangoni mwa duka. Mimi sioni njia ya kumsafisha. Lakini naona pia kwamba Tippu Tip alisali mara tano, na watu wa Leopold II waliokuja nyuma yake walikuwa na msalaba, na hakuna mtu hapa Kasongo, Muislamu au Mkatoliki, anayekubali dini yake ipimwe kwa mizani ya hao. Tukikataa kipimo hicho kwetu, Muhindu tunampimaje nacho? Deni la Baniani liandikwe kwa jina la Baniani. Gita isomwe kama Gita.

Na pembe zenyewe zilikwenda wapi? Nyingine Marekani, zikawa vidole vya piano, nyingine London. Lakini sehemu kubwa ilipanda dau mpaka Mandvi na Bombay. Pembe ya Afrika ya mashariki ni laini, haipasuki chini ya msumeno, na mafundi wa Gujarati waliipenda juu ya hilo. Waliikata duara, wakaitia rangi nyekundu, wakatengeneza bangili. Bibi arusi wa Kihindu wa upande ule alivikwa bangili za pembe siku ya ndoa, na aliyekuwa na uwezo alijaza mkono. Mume akifa, bangili zilivunjwa. Kwa hiyo kila arusi ilitaka pembe mpya, na hitaji halikwisha mwaka hata mwaka. Tangu 1990 biashara ya pembe kati ya inchi imekatazwa, na bibi arusi wa leo anavaa za plastiki, nyekundu vilevile. Wale wa miaka ya 1880 walivaa Manyema mkononi, wakacheza, wakaomba kwa Lakshmi, na hakuna aliyewaambia mzigo ule ulibebwa na nani kutoka Kabambare mpaka ziwani.