Faiba za malori: namna ya kutengeneza, kupaka rangi na kusafirisha vifaa vyake

Malori mengi yanayobeba mizigo kutoka bandari za Mombasa na Dar es Salaam kwenda nchi jirani ni ya miaka mingi. Injini inaweza kuwa bado nzima, lakini bampa, madigadi na kikata upepo cha juu ya kabini vimepasuka na kupauka. Mara nyingi vipande hivyo ni vya faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa ndani ya resini ya poliesta. Vikitengenezwa kwa utaratibu hudumu. Vikizibwa kwa puti peke yake ufa hurudi, na kipande kilicholegea kinaweza kung'oka lori likiwa kwenye mwendo.

Kwanza hakikisha ni faiba. Piga msasa kidogo upande wa nyuma: faiba hutoa vumbi jeupe na nyuzi huonekana, wakati plastiki ya kawaida hutoa vinyweleo laini. Resini ya poliesta haishiki vizuri kwenye plastiki nyingi za bampa, hivyo usipoteze fedha.

Kuziba ufa

Puti haina nguvu, kazi yake ni kusawazisha tu. Nguvu iko kwenye nyuzi, na ndiyo maana ufa huzibwa kuanzia nyuma.

Osha kwa sabuni, kausha, kisha futa kwa asetoni kabla ya kupiga msasa. Ukianza na msasa, nta na grisi huzama ndani na rangi itakuja kubabuka. Toboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa ili usiendelee. Kwa msasa namba 36 hadi 80, punguza unene kwa mteremko pande zote mbili za ufa. Kwa kipande cha unene wa milimita 3, mteremko uwe wa milimita 36 hivi kila upande. Mkeka wa faiba wa gramu 450 kwa mita ya mraba hutoa unene wa karibu milimita 1, kwa hiyo hapo zinahitajika tabaka tatu. Resini iwe mara mbili na nusu ya uzito wa mkeka. Gandamiza kwa brashi mpaka mapovu ya hewa yaishe.

Hadina ni asilimia 1 hadi 2 ya resini, yaani takriban mililita 10 hadi 20 kwa kilo. Kwenye joto la pwani kaa karibu na 1. Fundi anayeongeza ili kazi iishe haraka huona kopo likichemka na kugandia mkononi mwake.

Hapa pana hatari ambayo lazima kila fundi aijue. Baadhi ya resini huuzwa bila kiharakishi cha kobalti, kile kioevu cha zambarau. Kama kinatakiwa, changanya kobalti na resini kwanza mpaka ipotee kabisa, halafu ndipo utie hadina. Kobalti na hadina zikikutana moja kwa moja hulipuka. Hadina ikiingia jichoni inaweza kupofusha: osha kwa maji mengi mara moja, kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali.

Rangi

Dawa ya kubandulia rangi ya chuma usiitumie, kwani hula na resini pia. Toa rangi ya zamani kwa msasa. Praima ya asidi inayotumika kwenye bati nayo haifai. Tumia praima ya epoksi ya makopo mawili. Ziba vitundu vidogo kwa puti nyembamba kabla yake. Praima ikikauka, piga msasa wa maji namba 320 hadi 400, acha pakauke kabisa, ndipo upulizie rangi. Rangi za makopo mawili zina isosianeti, ambayo huleta pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haiizuii. Mpulizaji anatakiwa kuvaa kinyago kinacholetewa hewa safi kwa mpira.

Kwa wanaobeba na kuuza vifaa hivi

Resini ni mzigo wa hatari wa daraja la 3, namba UN 1866, kwa sababu stairini iliyomo hushika moto kwenye nyuzi joto 31 hivi. Hadina ni daraja la 5.2, na hatari yake ni tofauti: hupasuka kwa joto au ikichafuliwa na kutu, hivyo isihamishiwe kwenye kopo la chuma. Ziweke mbali kwenye gari, zote zikiwa kivulini. Vifurushi vidogo vyenye resini na hadina pamoja vina namba yake, UN 3269.

Forodhani kila kitu kina kichwa chake: resini ya poliesta 3907, mikeka ya faiba 7019, rangi isiyo ya maji 3208, puti 3214. Bampa iliyokwisha kutengenezwa huingia 8708 pamoja na vipuri vya magari. Orodhesha kila kimoja kwenye ankara. Mzigo ulioandikwa "vifaa vya gereji" tu utafunguliwa mpakani, na madumu ya hadina yatakaa juani wakati wa ukaguzi.