Nusukaputi na umeme wa retina
Dawa nyingi za nusukaputi hupunguza na kuchelewesha mawimbi ya umeme ambayo retina hutoa inapomulikwa, yaani elektroretinogramu. Ushahidi unaovutia zaidi ni wa mtafiti Ragnar Granit, mwaka 1933. Alimzidishia paka etha hatua kwa hatua huku akimmulika jicho: sehemu ya wimbi aliyoiita P I ilitoweka kwanza, ikafuata P II, ambayo chanzo chake ni seli za tabaka la kati, na P III, ya seli zinazopokea mwanga, ikadumu hadi mwisho. Leo daktari anayempima mtoto aliyelazwa usingizi kwa sevoflureni hana budi kuizingatia dawa hiyo asomapo mawimbi. Vinginevyo jicho lenye afya litadhaniwa kuwa bovu.