Kuoza, Kuvunda na Msiba wa Chemba

Kuoza na kuvunda ni maneno yanayotumika aghalabu kana kwamba ni mamoja, walakini mithali zayatenga. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza" yataja uharibifu upitao toka kimoja hata kingine. Hapo kuoza kwakaribia kuambukiza. "La kuvunda halina ubani" yataja harufu, na jambo lililokwisha kupita dawa. Kuoza, basi, hutambulikana kwa kuenea. Kuvunda hutambulikana kwa pua.

Tofauti hiyo ilipata uzito katika Wilaya ya Chemba, iliyomegwa katika Wilaya ya Kondoa mwaka wa 2012. Mnamo Juni 2016 watu wa huko walianza kuugua: walitapika, matumbo yakavimba, macho yakawa ya manjano. Kwanza ugonjwa ulitajwa kuwa haujulikani. Wakiugua watu wa nyumba moja, ni rahisi kudhani kwamba wameambukizana. Uchunguzi ulionyesha kwamba kilichowaunganisha ni chungu kimoja, maana mahindi yao yalikuwa na sumukuvu, yaani sumu itokanayo na kuvu. Katika mikoa ya Dodoma na Manyara walihesabiwa wagonjwa 68, na 20 miongoni mwao walifariki.

Sumu hiyo ilianza kufahamika baada ya mwaka wa 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula cha karanga. Mwaka wa 2004, mashariki ya Kenya, ilidhuru watu 317 na kuua 125.

Mahindi yenye sumukuvu huweza kuonekana mazima, wala yasinuke. Hayakuoza machoni, hayakuvunda puani. Tena mgonjwa hamwambukizi amwuguzaye. Walakini kuvu yenyewe hutambaa ghalani toka punje hata punje palipo na unyevu. Hivyo mithali ya samaki ni kweli ghalani, si kweli kitandani. Na mithali ya ubani yapata maana mpya, kwa kuwa moto wa jikoni hauimalizi sumu iliyokwisha kuingia.

Ndiyo sababu neno sumukuvu lilihitajiwa kando ya yale mawili ya kale. Laeleza madhara yasiyonuka wala kuambukiza, ambayo kinga yake huanza mapema: kuyakausha mahindi vema, yasigusane na udongo, na kuyahifadhi mahali pakavu.