Maumivu ya kiungo cha taya: yapi ya kutuliza nyumbani, yapi ya kuwahi hospitali

Weka vidole mbele kidogo ya masikio, kisha fungua na ufunge mdomo. Kinachocheza hapo ni kiungo cha taya. Kati ya mifupa yake kuna kisahani laini kinachozuia mifupa isisagane.

Dalili

- Maumivu mbele ya sikio, shavuni au pembeni mwa kichwa
- Taya kuchoka au kuuma wakati wa kutafuna
- Taya kulia au kukwama unapofungua mdomo
- Mdomo kutofunguka vizuri

Taya likilia tu bila maumivu, kwa kawaida halihitaji tiba. Maumivu haya hufanana na ya sikio au jino, hivyo usikubali jino ling'olewe kabla halijachunguzwa na kuonekana kuwa ndilo lenye tatizo.

Husababishwa na nini?

Mara nyingi ni misuli kuchoka kwa kusaga meno usingizini au kuyabana mchana ukiwa na mawazo. Sababu nyingine ni kuumia taya au ugonjwa wa viungo.

Nyumbani ufanye nini?

Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache bila upasuaji.

- Kula vyakula laini: uji, mtori, wali, maharage yaliyoiva vizuri. Acha kwa muda miwa, mahindi ya kuchoma na bigijii.
- Kanda kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara kadhaa kwa siku.
- Midomo ikiwa imefungwa, meno ya juu na ya chini yasigusane.
- Unapopiga miayo, shikilia kidevu kwa mkono.
- Parasetamoli husaidia. Kwa mtoto, fuata kipimo cha umri na uzito wake.

Maumivu yakiendelea, daktari wa meno anaweza kukupa mazoezi ya taya au kifaa cha kuvaa menoni usiku.

Mtoto aliyeanguka na kugonga kidevu

Hapa usisubiri. Mtoto akianguka kutoka mtini au kwenye bodaboda, kidonda cha kidevu hupona na watu husahau. Lakini mfupa karibu na sikio unaweza kuwa umevunjika. Usipotibiwa, kiungo kinaweza kuganda polepole: mdomo haufunguki, kula kunakuwa shida na kidevu hakikui sawasawa. Ikifikia hapo, anahitaji upasuaji na mazoezi ya muda mrefu.

Mpeleke akachunguzwe hata kama kidonda ni kidogo. Miezi inayofuata, mtazame anavyofungua mdomo. Kwa kawaida vidole vyake vitatu, kimoja juu ya kingine, huingia kati ya meno ya mbele. Nafasi ikipungua, mrudishe.

Wahi hospitali mara moja ikiwa:

- Mdomo umebaki wazi na haufungi. Usijaribu kuusukuma mwenyewe.
- Taya limekaza na mwili unakakamaa, au mtoto mchanga ameacha kunyonya. Inaweza kuwa pepopunda.
- Kuna uvimbe na homa, au shida ya kumeza au kupumua.

Ukiwa Kihonda, kwa matatizo yasiyo ya dharura anzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Ukihitaji daktari wa meno, unaweza kuelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Morogoro. Upasuaji mkubwa wa taya hufanyika katika hospitali kubwa kama Muhimbili, Dar es Salaam.