Artikle 15: ile tunayosema kila siku na ile iliyoandikwa katika Katiba

Uliza mutu yeyote sokoni, kwenye parkingi ya mamotari ao kwenye foleni ya maji: artikle 15 inasema nini? Jibu litakuja mbio: «Ujipange mwenyewe.» Hakuna sheria inayojulikana hapa kwetu Kongo kuliko hiyo. Wazee wanaijua, watoto wanaijua, hata mwenye hakuingia masomo hata siku moja anaijua.

Lakini ukifungua Katiba tunayotumia leo, ile iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006, artikle 15 haisemi hivyo hata kidogo. Inasema jambo zito sana, na linatugusa sisi wa mashariki kuliko wengine. Katika ukurasa huu tunaeleza neno hilo lilitoka wapi, linaonyesha nini juu ya namna tunavyoona inchi yetu, na artikle ya kweli inamuomba nani kufanya nini.

Neno lilitoka wapi

Simulizi inayojulikana zaidi inaturudisha Kasai, mwaka wa 1960. Kongo ilipata uhuru tarehe 30 Juni. Tarehe 11 Julai Katanga ikatangaza kujitenga. Tarehe 9 Agosti Albert Kalonji naye akatangaza Kasai ya Kusini kuwa ya pekee yake, na mji wake mukubwa ulikuwa Bakwanga, leo Mbuji-Mayi. Waluba wengi waliofukuzwa Luluabourg, leo Kananga, na wengine waliotoka Katanga, walifika huko mikono mitupu. Inasimuliwa kwamba walipouliza watalala wapi na watakula nini, wakubwa waliwajibu waangalie artikle ya 15 ya katiba: mujipange.

Kasai ya Kusini haikudumu. Mwaka wa 1962 ilikuwa imekwisha kurudishwa ndani ya Kongo. Lakini neno lilibaki, likapita mipaka ya Kasai na kuingia katika kila luga ya inchi.

Wakati wa Zaire neno hilo likawa namna ya kuishi. Mwaka wa 1977 Mobutu mwenyewe alitoa hotuba juu ya «ugonjwa wa Zaire», akilalamika kwamba katika inchi yake kila kitu kinauzwa na kila kitu kinanunuliwa. Watu walimusikiliza, wakajiuliza: na nani ametufikisha hapa? Miaka iliyofuata ikawa migumu zaidi. Septemba 1991 na tena Januari 1993, wanajeshi wasiolipwa vizuri walianzisha uporaji katika miji. Mwaka wa 1992 ilitoka noti ya zaire milioni tano. Mutu alikuwa milionea mfukoni na nyumbani hakuna unga. Wanamuziki nao walilichukua neno: Pepe Kalle na Empire Bakuba walitoa wimbo wenye jina la artikle 15, pamoja na maneno ya lingala «beta libanga», maana yake vunja jiwe, yaani pigania maisha.

Sura mbili za kujipanga

Sura ya kwanza inatupa fahari. Ni kwa kujipanga ndiyo wamama wanalipa masomo ya watoto kwa kuuza ndagala na makala. Ni kwa kujipanga ndiyo watu wa mtaa wanatoka na mapanga na masepeu kuziba mashimo ya barabara, bila kungojea mashini ya serikali. Ni kwa kujipanga kuko likelemba, kila mutu anatoa kidogo na mwezi huu anapokea mmoja, mwezi kesho mwingine. Familia nyingi zimepokea wakimbizi wa vita nyumbani mwao, miezi na miezi, mbele shirika lolote halijafika. Hiyo ndiyo Kongo ambayo watu wanaisifu wakiwa ugenini.

Sura ya pili inatupa haya. Mtumishi wa leta ambaye mushahara wake haumufikishe mwisho wa mwezi naye anajipanga: anaomba feza bila risiti. Askari wa barieri anajipanga. Anayeandika barua ofisini anajipanga, karatasi yako inalala chini ya zingine mpaka utoe matabishi. Na siye raia tunacheza mchezo ule ule. Mutu anamtukana polisi asubui juu ya franga elfu moja ya barabarani, mangaribi anatafuta mwenye atampatia mtoto wake pointi asizostahili. Mwenye kungojea zamu yake kwenye foleni anaitwa mujinga. Mwenye kupita kando anaitwa mwenye akili.

Hapa ndipo wazazi wengi wanachanganyikiwa. Utamufundisha mtoto nini? Ukimwambia asiibe, asidanganye, asitoe rushwa, una hofu kwamba inchi itamumeza. Ukimwambia ajue kujipanga, una hofu kwamba siku moja atakuwa yule yule mukubwa unayelalamikia leo.

Leta si inchi

Kuna neno moja linaloeleza mengi: leta. Limetoka katika kifaransa, lakini sisi tumelipa maana yetu. Kitu cha leta ni kitu kisicho na mwenyewe. Mutu wa leta ni mutu wa kuogopa, ao wa kutafutia njia ya kumuzunguka. Inchi ni kitu kingine. Inchi ni udongo wa mababu, ni ziwa, ni muziki, ni jina letu.

Tofauti hiyo ni ya zamani kuliko uhuru. Stanley, aliyefanya kazi kwa ajili ya mfalme Leopold II, aliitwa Bula Matari, mvunja mawe. Jina hilo halikubaki lake peke yake. Watu waliita vile utawala wote: Etat Indépendant du Congo tangu 1885, na koloni la Ubelgiji tangu 1908. Yaani serikali ya kwanza ya aina hiyo ambayo mababu zetu waliijua ilikuwa kitu kinachokuja kuvunja, kuchukua na kulazimisha. Uhuru ulibadilisha sura za wakubwa. Haukufuta jina hilo katika vichwa kwa siku moja.

Ndiyo maana Mkongomani anaweza kupenda inchi yake na kutoamini serikali yake kwa wakati mmoja, bila kuona kwamba anajipinga. Tarehe 7 Februari 2024, huko Abidjan, mbele ya mechi ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards walisimama wakati wimbo wa taifa unapigwa. Mkono mmoja ulifunika mdomo. Vidole viwili vya mkono mwingine vilielekezwa kwenye kichwa kama bunduki. Walikuwa wanasema kwamba watu wa mashariki wanakufa na dunia imenyamaza. Mechi waliipoteza, 1-0. Lakini picha ile iliingia katika nyumba nyingi za Kongo: fahari ya jezi na uchungu wa inchi vikiwa ndani ya mwili mmoja.

Artikle 15 ya kweli inasema nini

Sasa tufungue Katiba. Kwa maneno yetu, artikle 15 inasema hivi: wenye mamlaka wanapaswa kuhakikisha kwamba ubakaji na jeuri zote za kingono vinakwisha. Inaongeza kwamba jeuri ya namna hiyo ikitendwa kwa mutu yeyote, kwa nia ya kuvuruga ao kuvunja jamaa na kufutilia mbali kabila zima, ni uhalifu dhidi ya ubinadamu unaoazibiwa na sheria.

Iliingia katika Katiba juu ya yale yaliyotendeka katika vita vya 1996 mpaka 2003, zaidi huku mashariki. Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyofunguliwa mwaka wa 1999, ilijulikana duniani kwa kutunza wanawake waliotendewa hivyo. Munganga wake, Denis Mukwege, alipata tuzo la Nobel la amani mwaka wa 2018.

Angalia basi tofauti. Artikle 15 ya mdomo inasema: hakuna atakayekusaidia. Artikle 15 ya karatasi inasema: serikali ndiyo yenye deni la kukulinda. Tumekariri ya kwanza, na ya pili wengi hatujaisikia. Kila mara tunapocheka tukisema «artikle 15», tunamuondolea mukubwa muzigo wake na kumurudishia mama aliyejeruhiwa.

Na si karatasi tupu. Julai 2006 sheria mbili zilitoka za kukaza azabu za ubakaji. Tarehe 13 Desemba 2017, mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini, ikikaa Kavumu, iliazibu wanaume 11 kifungo cha maisha juu ya kubaka watoto wadogo wa kike. Mmoja wao alikuwa mbunge wa jimbo mwenye wanamgambo wake. Wazazi, wanganga, watetezi wa haki na waandishi wa habari walikuwa wamesukuma miaka mingi. Tarehe 26 Desemba 2022 ikatoka sheria ya kulinda na kulipa fidia waliotendewa jeuri za kingono katika vita, na mfuko wa FONAREV ukawekwa kwa kazi hiyo. Wengi bado wanangojea, na wabakaji wengi bado wanatembea. Lakini Kavumu ilionyesha kwamba artikle iliyoandikwa inaweza kutembea, kama watu wanaisukuma.

Kitu cha kukumbuka: mwenye kubakwa aende hospitali ao kituo cha afya mbele masaa 72 hayajapita, ili apewe dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Hata kama masaa hayo yamepita, aende tu. Matunzo yanakuja kwanza, mashitaka yanaweza kufuata.

Artikle zingine za kuweka kichwani

- Artikle 18: mutu akikamatwa, aambiwe juu ya nini, katika luga anayoelewa. Polisi haiwezi kumuweka zaidi ya masaa 48 bila kumpeleka mbele ya mwenye mamlaka wa sheria.
- Artikle 36: mfanyakazi ana haki ya mushahara unaomwezesha yeye na jamaa yake kuishi kwa heshima.
- Artikle 43: masomo ya msingi katika mashule ya serikali ni ya lazima na ya bure. Iliandikwa 2006, ikaanza kutumiwa inchi nzima Septemba 2019. Tangu miaka ya 1990 wazazi ndio walikuwa wanabeba mushahara wa walimu. Watoto wengi walirudi darasani, madarasa yakajaa, na walimu wanaendelea kudai haki yao.
- Artikle 48: nyumba ya kufaa, maji safi na umeme ni haki za raia.
- Artikle 64: kila Mkongomani ana wajibu wa kumpinga mwenye kuchukua mamlaka kwa nguvu ao mwenye kuyatumia kinyume cha Katiba.
- Artikle 65: raia naye ana deni. Anapaswa kutimiza wajibu wake kwa uaminifu na kulipa kodi.
- Artikle 142: serikali inapaswa kusambaza sheria katika kifaransa na katika luga nne za taifa, yaani kikongo, lingala, kiswahili na chiluba, ndani ya siku 60 tangu zitangazwe.

Hiyo ya mwisho inaeleza mengi. Kama sheria zingetufikia kwa kiswahili kwa wakati wake, labda tusingejua artikle moja tu, na hiyo ya uongo.

Kwa nini kuyajua leo

Oktoba 2024, akiwa Kisangani, Raisi Félix Tshisekedi alisema kwamba Katiba hii ina kasoro na kwamba ataweka tume ya kufikiria Katiba inayofaa inchi. Tangu hapo mabishano yanaendelea. Wengine wanasema maandishi ya 2006 yaliandikwa ili kunyamazisha bunduki, sasa yamepitwa na wakati. Wengine wanajibu kwamba shida si maandishi, shida ni kutoyafuata, na wanataja artikle 220, inayokataza kugusa hesabu na urefu wa mihula ya raisi.

Upande wowote unaosimama, ni vigumu kubishana juu ya buku ambalo hujafungua. Mwenye kutaka libadilishwe ajue anabadilisha nini. Mwenye kulitetea ajue anatetea nini.

Kujipanga hatutaacha. Maisha yenyewe hayaturuhusu, na mengi ya mazuri yetu yametoka humo. Lakini kuko tofauti kati ya kujipanga kwa sababu unapigania maisha, na kujipanga kwa sababu mwenye kulipwa kukutumikia amekataa kazi yake. Siku nyingine ukiwa kwenye ofisi, mwenye kazi akikujibu akicheka «baba, mama, hapa ni artikle 15», muulize polepole, kwa heshima: ile ya wapi? Kisha umwelezee ile ya kweli.